Msaidizi wa AI hajibu, anakatika, anasahau? Tafuta kwanza ujumbe umefia wapi

Mama mmoja mwenye lodge huku Area D, ambaye tumemwekea msaidizi wa AI wa kuchati na wageni, alinipigia usiku, Bunge la bajeti ndo limeanza na vyumba Dodoma vinagombaniwa, akaniambia "mwanangu, huyu msaidizi wenu amelala, wageni wote wananipigia mimi." Nikafungua laptop nikaenda moja kwa moja kwenye maelekezo ya modeli (ile AI yenyewe inayotunga majibu), nikabadilisha, nikabadilisha tena, nikahamia modeli nyingine, masaa mawili yakaisha hivyo. Kumbe ujumbe wa mgeni hata kwenye modeli ulikuwa haufiki, kosa lilikuwa kwenye seva yetu wenyewe.

Tangu hapo sigusi modeli kabla sijajua ujumbe umefia wapi. Ujumbe unatoka kwenye kidole cha mtu, unaingia kwenye brauza, unapita seva yako, unaenda kwa wenye modeli, afu unarudi kwa njia ileile. Shida karibu zote ambazo watu wanasema "AI imeharibika" nimezikuta njiani, sio kwa modeli.

Cha kufanya kabla ya vyote: bonyeza F12, fungua Network, andika "habari" utume. Kama hakuna ombi lolote limetokea pale basi shida iko kwenye JavaScript yako, kitufe hakijaunganishwa au kuna kosa limeua skripti, angalia Console. Kama ombi limetoka, soma namba yake. Na kule kwenye seva uwe na logi, yani daftari la matukio, ya kila ujumbe: umeingia saa ngapi, umejibiwa saa ngapi, modeli imerudisha namba gani, tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli inasoma na kuandika) ngapi zimetumika, na jibu limesimama kwa sababu gani. Hivyo vitu vitano tu. Bila logi unapiga ramli.

Huku chini nimeweka malalamiko kama watu wanavyoyasema wakipiga simu, maana hakuna mteja atakayekwambia "nimepata 504", yani namba ya kosa la seva kuchoka kusubiri.

"Nimetuma, kimya"

Ukiona CORS kwenye Console, jua ni brauza yenyewe imekataa, kwa sababu ukurasa wa domeni yako unaita domeni nyingine ambayo haijatoa ruhusa. Wengi hapo wanaweka kiendelezi cha kuzima CORS kwenye Chrome yao, inakubali, wanafurahi, kesho wateja bado wanalia maana kile kiendelezi kiko kwenye mashine moja tu. Na ukitulia utaona lile kosa limekusaidia: kama brauza ndo inaita modeli moja kwa moja maana yake ufunguo wako wa API (neno la siri la kuitia modeli) umeuweka hadharani, mtu yeyote anabonyeza F12 kama wewe anaukopi anautumia na bili inakuja kwako. Kuuweka kwenye .env ya React au Vite hakusaidii, ukibildi unaingia ndani ya faili la JavaScript vilevile. Kwa hiyo kama umeshauweka huko, ufute leo kwa mtoa huduma, tengeneza mwingine, ukae kwenye seva tu, na brauza iongee na seva yako peke yake. CORS nayo itapotea yenyewe.

Ukiona 401, ufunguo haujafika au sio sahihi. Hii ndo ilinila masaa mawili ile siku ya lodge. Laptop inafanya kazi, seva inakataa, ufunguo ni uleule nimeuangalia mara kumi. Tunatumia Laravel, fremuweki ya PHP, na mi kwenye kodi nilikuwa naita env() moja kwa moja ndani ya kontrola. Sasa ukishaendesha php artisan config:cache, Laravel haisomi tena faili la .env, kwa hiyo env() nje ya mafaili ya config inarudisha null na wewe unatuma ufunguo mtupu. Dawa: uweke kwenye config/services.php halafu huku kwingine uite config(). Ukiwa na haraka config:clear itakuokoa usiku huo, ila deploi inayofuata tatizo linarudi palepale.

400 mara nyingi ni ombi lenyewe limekaa vibaya, kwa mfano kuna ujumbe mtupu ndani ya historia. Jina la modeli ukilikosea mara nyingi unapata 404. Soma mwili wa jibu, huwa wanasema wazi, usiishie kwenye namba.

"Kwangu maneno yanatiririka, kwenye seva yanakuja yote kwa mpigo"

Hii inachanganya sana maana kodi ni ileile. Laptop unaona neno moja moja, ukiweka hewani mtu anakodolea nukta tatu sekunde ishirini, afu aya nzima inamwagika. Kuna mtu katikati anakusanya. Mara nyingi ni Nginx, programu inayopokea maombi mbele ya kodi yako, kwa kawaida yake inajaza bafa kwanza ndo itume. Weka proxy_buffering off (kama Nginx inaongea na PHP-FPM ni fastcgi_buffering off) kwenye ile njia ya chati tu, sio tovuti nzima, au kutoka kwenye kodi yako tuma heda ya X-Accel-Buffering: no. Angalia pia Content-Type iwe text/event-stream. Kama umewasha gzip nayo inaweza kukusanya kabla ya kubana, izime kwa njia hiyo. Kwenye PHP una bafa yako mwenyewe juu ya hizo zote, kwa hiyo kila kipande ukishakiandika ita ob_flush() na flush().

Wale mnaotumia hostingi ya kushea yenye cPanel, nawaambia kweli, unaweza kufanya yote hayo na bado isitiririke, maana Nginx au Apache ya pale huigusi. Usipoteze wiki. Rudisha jibu zima kwa mpigo, weka maandishi ya "nakuandikia jibu...", na uagize modeli ijibu kwa kifupi. Mkulima aliyesimama shambani Hombolo anataka bei ya miche ya zabibu, hajali kama maneno yametiririka au hayakutiririka.

Ndugu yake huyu ni jibu kufa katikati na 504. Nginx inasubiri sekunde 60 bila kusikia chochote kutoka kwa seva ya nyuma halafu inakata, ndo proxy_read_timeout hiyo (kwa PHP-FPM ni fastcgi_read_timeout). Lakini kabla ya kuiongeza angalia logi ya Laravel, ukikuta cURL error 28 basi aliyechoka kusubiri ni wewe mwenyewe, Http klienti ya Laravel inakata baada ya sekunde 30 usipoiambia vingine. Ongeza timeout(120) pale, na huku Nginx iwe juu kidogo ya hiyo, yani wa nje avumilie kuliko wa ndani. Ukigeuza utakuwa unapata makosa ambayo hayana maelezo.

"Nikichati, kurasa nyingine zinaganda"

Mtu anamwuliza msaidizi swali, wakati anasubiri anabonyeza menyu ya vyumba, ukurasa unazunguka tu mpaka jibu liishe. Kama ni PHP ya kawaida yenye session_start(), faili la sesheni linafungwa na ombi la kwanza na mengine ya mtu huyohuyo yanapanga foleni. Soma unachohitaji kwenye sesheni afu ita session_write_close() kabla hujaanza kuongea na modeli. Mstari mmoja umeisha. Na kama inatokea kwenye laptop tu, inawezekana ni ile seva ndogo ya PHP ya majaribio, yenyewe inahudumia ombi moja moja.

"Linaishia katikati ya sentensi"

Hapa kuna magonjwa mawili yanafanana. La kwanza, modeli imefika kikomo ulichoiwekea. Ndo maana nikasema uweke kwenye logi sababu ya kusimama: kwa API ya OpenAI ya chati utaona finish_reason ni length, kwa Anthropic stop_reason ni max_tokens. Na hapa Kiswahili kina gharama yake, maneno yetu yanakatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza kwa sababu zile tokeni zimetengenezwa zaidi kwa kuangalia maandishi ya Kiingereza, "tutakapowasiliana" ni neno moja kwako ila kwa modeli ni vipande kadhaa. Kwa hiyo kikomo ulichokopi kwenye mfano wa mtu anayeandika Kiingereza kitakukatia njiani. Ongeza, na bajeti yako pia uipige kwa maandishi ya Kiswahili, sio kwa mfano wa kwenye maelezo yao.

La pili, modeli imemaliza vizuri lakini brauza imepoteza vipande. Data haiji mstari kwa mstari kama ilivyotumwa, kipande kimoja kinaweza kubeba matukio mawili na nusu, ile nusu inakuja na kipande kinachofuata, na ukifanya JSON.parse kwenye nusu inalipuka. Weka mabaki kwenye kigezo (variable), gawa palipo na mstari mtupu, yani \n\n, cha mwisho ambacho hakijakamilika kihifadhi usubiri kingine. Na ukiona alama za ajabu mahali pa emoji, herufi imekatwa katikati ya baiti zake: tumia TextDecoder moja kwa jibu zima na uipe stream: true. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu kama é kwa hiyo unaweza kutesti mwezi mzima usilione, mpaka mteja apokee emoji ya zabibu.

"Nimemwambia jina langu, ananiuliza tena"

Modeli yenyewe haina kumbukumbu kati ya ombi na ombi. Kwa API nyingi za chati kila mara unatuma mazungumzo yote upya, ya mtumiaji na ya msaidizi kwa mpangilio wake, na ukisahau kuhifadhi majibu ya msaidizi yeye anaona upande mmoja tu wa maongezi. Mazungumzo yakiwa marefu usitume yote milele, bili inapanda kila ujumbe. Mi natuma ya mwisho kumi na mawili pamoja na muhtasari mfupi wa ya nyuma: jina, tarehe, anataka nini.

Halafu kuna hii ambayo ukiiona zima mfumo kwanza ndo uulize maswali: mteja anasema msaidizi amemwita jina la mtu mwingine, au ametaja chumba ambacho yeye hajakiulizia. Maana yake historia umeiweka kwenye kigezo kimoja cha seva nzima, labda juu kabisa ya faili la Node, na watu wote wanaandika humohumo. Ukitesti peke yako hutaiona kamwe. Historia ikae kwenye databesi kwa namba ya mazungumzo, na kila ombi likija hakikisha hiyo namba ni ya huyo aliyeingia, usiamini namba iliyokuja na brauza. Fungua simu mbili kwa akaunti mbili, chati kwa wakati mmoja, kila ukibadilisha kodi ya historia. Hawa ni watu wanaotuachia namba zao za simu na wanalala wapi. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na kumbuka modeli nyingi ziko nje. Mi namba ya simu na ya kitambulisho siipeleki kwa modeli, naiondoa kwenye seva naweka alama, modeli haiihitaji kujibu swali la chumba.

"Anadanganya bei"

Kikundi cha wakulima wa zabibu niliowatengenezea mfumo wa oda, mzee mmoja akaambiwa bei ya mche ambayo haipo popote, akaja na hela kamili kwa bei hiyo. Hilo liliniuma maana mzee alitoka mbali na alituamini.

Modeli ikiulizwa kitu isichokijua inaweza kujaza kwa kinachofanana na ukweli. Kwa hiyo kwanza angalia kwenye logi: bei ilikuwemo kwenye kile ulichoituma? Usiseme "nimeweka kwenye dokumenti", fungua ombi lenyewe usome kilichoenda. Mara nyingi utakuta haimo. Kwetu ile hatua ya kutafuta vipande vya dokumenti ilikuwa inakosa, kwa sababu watu wanaandika "mche bei gan" na dokumenti imeandikwa "gharama za vipando", na modeli ya kutafutia tuliyochukua ilikuwa imefundishwa Kiingereza. Tukahamia ya lugha nyingi, afu tukaongeza kwenye dokumenti maneno ambayo watu wenyewe wanayatumia, ikatulia.

Ila kwa bei, idadi na vyumba vilivyo wazi, mi sasa siweki kwenye dokumenti kabisa. Vitu vinavyobadilika modeli ivichukue kwenye databesi kwa kuita fanksheni (kipande cha kodi yako), na maelekezo yaseme kama fanksheni haijarudisha kitu jibu liwe "sina bei hiyo, nakuunganisha na mhudumu." Zabibu Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, bei ya msimu ukiiacha kwenye dokumenti inazeeka bila mtu kuona. Na jumla usiiachie modeli kuhesabu, kodi yako ihesabu, modeli isome tu.

"Nimebuku mara moja, nina vyumba viwili"

Tangu SGR ianze kuleta abiria mpaka Dodoma mwaka 2024 tunapata wageni wanaobuku wakiwa ndani ya treni, wakiingia kwenye yale mahandaki ya Kilosa mtandao unakata, jibu halionekani, anabonyeza tuma tena. Ombi la kwanza seva yako ilishalipokea na ikaliandika, na la pili nalo ikaliandika. Zima kitufe wakati ombi linaenda, sawa, lakini hiyo haitoshi. Kila ujumbe brauza iupe namba yake ya kipekee kabla ya kutuma, akirudia itume namba ileile, na seva ikiona namba imeshaifanyia kazi irudishe jibu lililopo. Na jibu lihifadhiwe kwenye databesi hata kama mtu amekatika katikati, akirudi hewani alikute.

Kwenye simu ndogo pia upau wa anwani wa brauza unafunika kisanduku cha kuandikia, hapo badilisha 100vh iwe 100dvh uangalie tena.

"Asubuhi inafanya kazi, jioni inagoma"

429. Umevuka kiwango chako, cha maombi kwa dakika au cha tokeni. Soma heda ya Retry-After kama ipo, usubiri, ujaribu tena kwa kuongeza muda kila mara na kuweka sekunde chache za kubahatisha juu yake ili maombi yote yasirudi sekunde moja. Na uwe na kikomo cha kila mtumiaji kwenye seva yako mwenyewe, bila hivyo mtu mmoja mwenye skripti atakula kiwango cha wote. Weka pia kikomo cha matumizi kwa mtoa huduma, leo, kabla hujaendelea kusoma.

Na jibu la modeli usiliingize kwenye ukurasa kwa innerHTML bila kulisafisha. Mtu anaweza kumshawishi msaidizi aandike skripti, ikaendeshwa kwenye brauza ya mtu. DOMPurify, maktaba ya JavaScript, inafanya hiyo kazi ya kusafisha.

"Nilisema saa mbili"

Hii hutaikuta kwenye maelezo ya watoa huduma, na ndo imetusumbua kuliko zote. Mgeni anaandika "nafika saa mbili", sisi wote tunajua ni saa mbili usiku maana ameandika jioni. Modeli imeandika 02:00 kwenye databesi. Mlinzi amejipanga kumsubiri mtu saa nane usiku, na mgeni amefika saa mbili usiku amekuta chumba hakijaandaliwa. Modeli inajua saa za Kiswahili ukiiuliza, ila ikiwa inajaza fomu inarudi kwenye mazoea ya Kiingereza.

Kwanza ipe tarehe na saa ya sasa kwenye maelekezo kila ombi, kwa Africa/Dar_es_Salaam, maana yenyewe haijui leo ni lini na "keshokutwa" itaikokotoa kutoka hewani. Kama seva yako iko UTC (saa za kimataifa), tofauti ni masaa matatu, na mtu anayeandika saa nane usiku wetu kule bado ni jana. Pili, iandikie mifano kabisa, usiseme tu "tumia saa za Kiswahili": saa 1 asubuhi ni 07:00, saa 6 mchana ni 12:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 2 usiku ni 20:00, saa 10 alfajiri ni 04:00. Tatu, modeli isigeuze yenyewe. Irudishe vitu viwili, namba aliyoitaja mtu na kipindi cha siku, afu kodi yako igeuze. Kama hakutaja kipindi, msaidizi aulize, "asubuhi au usiku?", asikisie.

Imebaki tarehe. "Usiku wa kuamkia Jumapili" ni Jumamosi usiku, na modeli tuliyokuwa nayo ilikuwa inaandika Jumapili. Tumeiwekea mfano wake peke yake, na sasa hakuna kinachoingia kwenye databesi kabla mgeni hajasomewa hivi: "Chumba cha watu wawili, Jumamosi usiku kuamkia Jumapili, unafika saa 2 usiku (20:00). Ni sawa?" na yeye akajibu ndiyo.